Wasomaji Wanauliza: Hawa watu wa Red Cross ni wa nani hasa?

Mwezi huu barua karibu zote zinahusu Red Cross, kwa hivyo maswali ya bima na mashamba yatangoja toleo lijalo. Nimefurahi manake ni chama ambacho Mkenya anakiona kila siku kwenye habari na bado hakijui vizuri, jaketi nyekundu tunazijua lakini historia yake wachache wanayo.

Mimi na jirani tumebishana mpaka tukakosana. Yeye anasema Red Cross ni idara ya serikali, mimi nasema ni ya wazungu wa Geneva. Nani yuko sawa? Msomaji, Nakuru

Patana na jirani yako kwanza, manake kila mmoja wenu ameshika kipande.

Red Cross ya Kenya ni chama cha Wakenya na kina sheria yake kabisa iliyopitishwa bungeni. Wenyewe wanahesabu kuzaliwa kwao tarehe 21 Desemba 1965, miaka miwili tu baada ya uhuru, na hiyo sheria ukiitafuta ni Sura ya 256 ya sheria za Kenya. Kabla ya hapo, tangu 1939, kilikuwa tawi la British Red Cross, yani kilianza kama kitu cha mkoloni na hilo hatufichi.

Hata naona tulizungumze kidogo manake watu hulipita haraka sana. Hali ya hatari ilipotangazwa 1952 na watu wa Mkoa wa Kati wakasukumwa kwenye vijiji vya kulazimishwa, Red Cross ya Uingereza ilikuwa na akina mama wakizunguka kwenye vile vijiji wakigawa maziwa na dawa kwa watoto, kazi nzuri ndio, lakini ilifanyika ndani ya mpango wa serikali ileile iliyowafungia wale watu. Wajumbe wa kamati ya kimataifa ya Geneva waliokuja kukagua makambi ya wafungwa wa Mau Mau walifika 1957, miaka mitano imepita, wakarudi tena 1959, mwaka uleule wa mauaji ya Hola, kambi ambako wafungwa walipigwa mpaka kufa. Kwa hivyo ukikutana na mzee ambaye hana moyo na ile alama usimkatize, ana sababu zake. Mimi ndio maana naichukulia ile sheria ya 1965 kama kitu kikubwa, hapo ndipo chama kilitoka mikononi mwa London kikawa cha hapa. Geneva wakakitambua 1966 na mwaka uliofuata kikaingia kwenye shirikisho la vyama vya dunia.

Sasa Geneva inaingia wapi. Tarehe 24 Juni 1859 kulikuwa na vita vibaya Solferino, kaskazini ya Italia, Wafaransa na wenzao wa Sardinia dhidi ya Waaustria, na mfanyabiashara mmoja wa Geneva anaitwa Henry Dunant akapita huko kwa shughuli zake akakuta majeruhi wametapakaa kila mahali na hakuna wa kuwaangalia. Hakuwa daktari. Alichofanya ni kuungana na watu wa mji wa Castiglione uliokuwa karibu, sana sana akina mama, wakaosha vidonda na kupeleka maji bila kuuliza huyu alikuwa upande gani. Akaandika kitabu 1862, mwaka uliofuata kamati ya watu watano ikaundwa Geneva, na 1864 mataifa yakatia sahihi mkataba wa kwanza wa Geneva. Dunant alikuja kupewa Nobeli ya amani ya kwanza kabisa 1901, akigawana na Frédéric Passy, na siku yake ya kuzaliwa, 8 Mei, ndio siku ya Red Cross duniani.

Angalia vizuri nani alifanya kazi Solferino. Ni wenyeji. Yule mgeni alipanga na akaandika lakini mikono mingi ilikuwa ya watu wa pale pale, na mpaka leo hicho chama kinaendeshwa hivyo, Geneva haiendeshi ofisi ya Nairobi. Kila nchi ina chama chake kimoja tu, huwezi kuanzisha cha pili, na kila chama kinajisimamia.

Na jirani yako anapata wapi hiyo ya serikali? Ni kwa sababu kisheria chama ni msaidizi wa serikali kwenye mambo ya kibinadamu. Serikali ikizidiwa inaweza kukiita, na ndio maana unaona chifu, polisi na Red Cross wako pamoja kwenye mafuriko. Lakini msaidizi ana haki ya kukataa. Wakiambiwa wapeleke chakula kwa watu wa chama fulani tu cha siasa, wanatakiwa kusema hapana, na hapo ndipo tofauti na idara inapoonekana. Chifu hawezi kumjibu bosi wake hivyo.

Mwaka wa 2008 nilikuwa mdogo, tulikaa kwenye hema uwanja wa maonyesho wa Eldoret. Mama huwa anasema wale watu walitulisha bila kutuuliza kabila. Ni kweli walikuwa hawachagui ama ni vile mama ni mtu wa shukrani? Msomaji, Kitale

Mama yako anasema kweli na mpe salamu zangu.

Uchaguzi ulikuwa 27 Desemba 2007, matokeo yakatangazwa tarehe 30 na usiku huohuo nchi ikaanza kuwaka. Tume ya Waki, ile iliyochunguza ghasia hizo, baadaye ilihesabu waliokufa 1,133, na waliofukuzwa makwao walikuwa mamia ya elfu, hesabu inayotajwa sana ni zaidi ya laki sita. Watu walijaa kwenye viwanja vya maonyesho vya Eldoret na Nakuru, Jamhuri hapa Nairobi, makanisani, vituo vya polisi, popote palipokuwa na ukuta. Mkataba wa amani aliosimamia Kofi Annan ulikuja 28 Februari 2008, hiyo ni miezi miwili mizima ya barabara kufungwa kwa mawe na magogo na vijana wenye mapanga kuuliza kitambulisho ili wasome jina.

Sasa jiweke kwenye nafasi ya volantia. Wewe mwenyewe una jina. Una kabila. Nyumba ya ndugu yako labda imechomwa na watu wanaofanana na huyu unayemfunga bandeji saa hii, na bado unatakiwa umfunge vizuri, ukaze sawasawa, umpe maji, umuandike jina kwenye daftari ili ndugu zake wampate. Mimi huwa nasema hakuna mtihani mgumu kuliko huo ambao chama hiki kimewahi kufanya hapa nchini, manake kutoegemea upande ni rahisi wakati vita ni vya watu wa mbali, wakati ni jirani yako ni kitu kingine kabisa. Na walifaulu, si kwa sababu wao ni malaika, ni kwa sababu chama kilikuwa na watu wa kila kabila kila mahali, kwa hivyo kulikuwa daima na mtu anayeweza kuongea na vijana wa kizuizi kwa lugha yao akawaambia hii lori ina unga na blanketi, wacheni ipite.

Kutoegemea upande watu hudhani ni kukosa msimamo. Volantia anaweza kuwa na hasira zake na kura yake, hakuna anayemkataza kupiga kura. Anachokatazwa ni kuvaa hiyo jaketi akatoa maoni ya siasa, manake siku atakayofanya hivyo lori linalofuata halipiti.

Kuna kanuni saba wanazofuata, zilitangazwa Vienna mwaka uleule wa 1965, na ya kwanza ni utu. Zingine zote zinafuata hapo: kutobagua, kutoegemea upande, kujitegemea, kujitolea, umoja, na kwamba ni harakati ya dunia nzima. Usipate shida kuzikariri, mama yako alishakueleza mbili bila kusoma popote.

Shirika la msaada linamiliki hoteli kwa nini? Hela tulizochanga ndizo zilijenga Boma? Naomba jibu la ukweli. Msomaji, Thika

Swali lako ni la haki na linahitaji historia kidogo kwanza.

Kwanza elewa chama kilitoka wapi. Mlipuko wa ubalozi wa Marekani, 7 Agosti 1998, Ijumaa asubuhi, ulikuta nchi haina mpango wowote wa maana wa majanga. Watu 213 walikufa Nairobi na maelfu wakaumia, wengi kwa vioo, jengo la Ufundi lilianguka lote, na majeruhi walibebwa kwa matatu na pikapu na mabega ya watu. Red Cross walikuwepo na walifanya kazi kubwa, lakini chama chenyewe ndani kilikuwa dhaifu, na miaka michache baadaye mwanzoni mwa 2000 kikawa kimezama kwenye madeni na wafadhili wamekitoroka. Hii watu wengi hawaijui. Chama ambacho leo kila mtu anakipigia simu kilikuwa karibu kufa.

2005 akaingia Abbas Gullet kama katibu mkuu, mtu aliyeingia Red Cross akiwa kijana na akafanya kazi kwenye shirikisho la kimataifa, na yeye na wenzake wakabadilisha mambo mawili. La kwanza ni hesabu, kila shilingi ionekane ilikoenda, ndipo wafadhili wakarudi. La pili ndilo hilo la hoteli. Hoja yao ilikuwa hivi: mfadhili hukupa hela za mafuriko, hakupi hela za kulipa stima ya ofisi na mshahara wa mhasibu, na kama kila kitu unangoja mfadhili basi siku akikasirika unafunga. Kwa hivyo chama kianzishe biashara, faida ilipe gharama za kila siku, na mchango wa mwananchi uende kwa mwenye shida. Ndio zikaja hoteli, zile za Boma, na kampuni ya ambulensi ya E-Plus iliyoanza 2010, ambayo mwenye bima analipia.

Maoni yangu? Wazo la ambulensi nalikubali moja kwa moja, inaingiza hela na inaokoa watu, gari lilelile na mhudumu yuleyule aliyezoea kazi anapatikana siku ya janga. Hoteli naikubali nusu. Biashara ya hoteli hupanda na kushuka, korona 2020 ilionyesha kila mwenye hoteli kwamba vitanda vinaweza kulala bure mwaka mzima, na mwananchi wa kawaida akiona jengo la kifahari lina uhusiano na Red Cross anauliza hilo swali lako na ana haki ya kuuliza. Kwa hivyo wanafaa kueleza hesabu zake kila mwaka kwa lugha ambayo hata mtu wa boda anaelewa, wasingoje kuulizwa.

Kuhusu mchango wetu wa Kenyans for Kenya, ule wa Julai 2011 wakati Turkana na kaskazini yote ilikuwa na njaa, ule haukuwa wa Red Cross peke yao, waliungana na Safaricom, benki ya KCB na wenye vyombo vya habari. Lengo la kwanza lilikuwa shilingi milioni 500 na likapitwa, watu walituma kwa M-Pesa hata kidogo walichokuwa nacho, watoto wa shule wakachanga, na hela ikanunua chakula halafu sehemu ikaenda kwenye miradi ya maji na kilimo. Mpaka leo naona ilikuwa mara ya kwanza Mkenya kumlisha Mkenya kwa kiwango hicho bila kungoja meli ya mahindi kutoka nje, na ingekuwa ngumu kufikiria miaka kumi nyuma, manake 2001 nani angempa Red Cross hela yake?

Shikamoo. Nimemaliza kidato cha nne na niko nyumbani, nataka kujiunga. Je, wanalipa? Na baba anasema nitaona maiti. Msomaji, Kitui

Marahaba mwanangu. Nitakujibu kama ningemjibu wa kwangu.

Mshahara hakuna. Volantia ni volantia, ukitumwa kazini unaweza kupewa ya nauli na ya chakula, basi. Kuna waajiriwa wa kudumu lakini hao ni wachache ukilinganisha na volantia, na nafasi hutangazwa kama kazi nyingine. Ukienda ukitegemea mshahara utakasirika mwezi wa pili na utaondoka na uchungu, afadhali ujue mapema.

Unachopata ni mafunzo. Nenda tawi la kaunti yenu, ujiandikishe, utafundishwa huduma ya kwanza, kanuni, namna ya kuandikisha familia zilizopatwa na janga, halafu ukionekana uko imara unaingizwa kwenye kikosi cha kuitwa dharura. Huduma ya kwanza peke yake ni kitu cha kumfaa mtu maisha yake yote. Pale Kitui kazi nyingi hata si za kutisha, ni ukame: kuandikisha watu, kuhakikisha mama mjane asiye na simu hajaachwa nje ya orodha ya wanaotumiwa hela, kupima watoto mkono kujua nani ana utapiamlo. Hiyo kazi ya daftari haionyeshwi kwenye televisheni na ndiyo inaamua nani atakula.

Baba yako lakini hakudanganyi. Jengo la Huruma lilipoanguka usiku wa 29 Aprili 2016 watu karibu hamsini walikufa, na waliokuwa pale walitoa maiti siku nzima. Walitoa pia mtoto mchanga akiwa hai baada ya karibu saa 80, amefunikwa blanketi ndani ya beseni, na siku ya sita wakatoa watu wazima wakiwa bado wanapumua. Chuo Kikuu cha Garissa, 2 Aprili 2015, magaidi waliua watu 148, na volantia walikaa uwanja wa Nyayo na wazazi waliokuwa wakingoja kuitwa kwenda kutambua watoto wao mochari ya Chiromo. Hakuna vidonda vya kufunga hapo. Unakaa na mzazi, unamshika mkono, unampa maji, anaanguka, unamuinua. Watu huambiwa waongee na mshauri baadaye na wengi vijana wanakataa wanasema wako sawa. Wewe usikatae. Ukiona usingizi umepotea, sema kwa kiongozi wako siku hiyohiyo, hiyo ni sehemu ya kazi sawa na kuvaa glavu.

Na mwambie baba aje nawe siku ya kujiandikisha, wazee wanapokelewa pia.

Nina duka la dawa na nimechora msalaba mwekundu ukutani. Jamaa ameniambia ni kosa. Ni kweli? Msomaji, Mombasa

Ni kweli, ufute. Ile alama inalindwa na Mikataba ya Geneva na Kenya ina sheria yake ya hiyo mikataba, Sura ya 198. Sababu yake ni vitani: askari akiona msalaba mwekundu au hilali nyekundu anatakiwa ajue hapo hapapigwi, na kama kila duka na kila gari limejichorea, alama inapoteza maana na siku ya shida ambulensi ya kweli inapigwa risasi. Tumia msalaba wa kijani, wenye maduka ya dawa wengi ndio wanatumia. Na ukiulizwa na wateja, ule msalaba chanzo chake si kanisa, ni bendera ya Uswisi iliyogeuzwa rangi, ndio maana chama kina Waislamu wengi tu na hakuna shida.

Ndugu yangu tulipoteana tukikimbia Somalia, mimi niko Dadaab, nasikia Red Cross hutafuta watu. Inafanya kazi kweli? Msomaji, Dadaab

Inafanya, na pole sana kwa hayo yote.

Hii ni moja ya kazi za zamani zaidi za harakati hii na ndiyo mimi naipenda kuliko zote. Chama cha Kenya na kamati ya Geneva wanaifanya pamoja, Dadaab na Kakuma wana watu wa kazi hiyo, na huduma ni bure, mtu akikuomba hela yoyote jua huyo ni tapeli. Kuna simu za bure za kuongea na jamaa, na pale simu haifiki kuna barua ya Red Cross, karatasi ya wazi isiyofungwa, unaandika habari za familia tu, nani mzima nani amezaa nani amefariki, husemi siasa wala vita, kwa sababu hiyo barua lazima ipite kwenye mikono ya watu wenye bunduki na waisome na waiache ipite.

Dawati kama hilo hufunguliwa hata kukitokea janga humu ndani, 2008 lilikuwepo kwa watoto waliopotezana na wazazi, na 2023 walifungua moja Malindi kwa familia zilizokuwa zikitafuta watu wao wa Shakahola, ule msitu ambako waumini wa mhubiri mmoja walifunga mpaka kufa.

Ukienda, beba habari kwa wingi. Jina lake kamili, la baba, la babu na la mama, jina la utani kama ndilo lililozoeleka kijijini, umri hata wa kukisia, ukoo, mahali mlipoonana mara ya mwisho na alikuwa na nani, na kama alikuwa na alama mwilini. Usiseme jina moja tu, kuna maelfu wenye jina hilo. Waambie pia kama umehama blok ama umebadilisha namba ya simu, manake kesi nyingi hukwama hapo, mtu amepatikana upande wa pili na wewe hupatikani. Na kama wamekuandikisha zamani na hujasikia kitu, rudi uulize, faili haifungwi kwa sababu miaka imepita.